Kompyuta ya gemu ya bei nafuu: taa zilinila 1,600,000

Juzi kijana mmoja wa hapa Bombo, Uganda, kaniandikia: "Kaka, nina shilingi milioni moja na nusu, ninunue kompyuta ya gemu ikiwa tayari ama niunde mwenyewe?" Nikacheka, halafu nikanyamaza, maana hilo swali mimi nilishalilipia na mpaka leo linawasha.

Mimi nilinunua. Kaduka ka ghorofani katikati ya Kampala, sitakataja, kasha la kioo, feni nne zinawaka nyekundu, buluu, kijani, akili yote ikaishia hapo. Muuzaji ananiita bosi, eti ndani kuna kadi ya picha, GTX 1050 Ti yenye kumbukumbu ya GB 4, akafungua Windows na kweli jina lenyewe liko pale. Nikatoa 1,600,000, akiba ya miezi saba, nikapanda taksi ya Bombo kasha nimelipakata mapajani, konda ananidai nauli ya watu wawili.

Usiku huo gemu la GTA V likafunguka, nikaendesha gari dakika kama tano hivi, skrini ikaganda. Nazima, nawasha, inaganda tena. Wiki mbili nalaumu umeme, nalaumu Windows, nashusha draiva mpaka bando linakata. Siku moja binamu yangu, fundi simu, akazungusha kasha akaangalia nyuma, akauliza, "Hili tundu la buluu la nini?" VGA, la waya wa skrini za zamani. Sasa sikia: hizo 1050 Ti, kampuni ya NVIDIA ilizitoa 2016, VGA hazina kabisa! Tukaweka GPU-Z, programu ya kukagua kadi, ikaandika FAKE mbele ya jina. Kumbe ni GTS 450, kadi ya 2010, wameichokonoa BIOS, ile programu iliyo ndani ya kadi, ijitaje jina la mwenzake. Kumbukumbu yake halisi GB 1, ikijaa tu gemu linakufa. Nikarudi dukani, nikakuta mtu mwingine, yule wangu eti kahama.

Basi kwa hasira nikasema naunda mwenyewe, nami nikaharibu tena. Nikachukua Dell OptiPlex ya mtumba, hizi za maofisini, ile nyembamba, 520,000, nikaja na GTX 1650 ya 480,000, kufungua hivi kadi haiingii, bati lake limezidi kimo cha kasha vidole viwili. Nimekaa sakafuni na bisibisi, kadi mkononi, shemeji yangu mlangoni anacheka. (Huyo huyo sasa ndiye haondoki kwangu Jumapili.) Nikaongeza 80,000 wakanibadilishia ile ndefu, modeli 7040 yenye prosesa ya i5-6500, kadi ikaingia na GTA ikatembea usiku mzima.

Kwa hiyo jibu langu: nunua mashine ya ofisi, kuunda kwako kuwe kadi tu. Ndefu, nimesema NDEFU. Kadi iwe ile isiyo na tundu la waya wa pawa juu yake, maana sloti yenyewe, pale kadi inapochomekwa, inatoa wati 75 na 1650 nyingi zinaridhika na hizo, lakini zipo zenye tundu, geuza uangalie. Pawa saplai ya OptiPlex yangu ni wati 240, waya wa kadi haina, na madabodi ya Dell haipokei plagi za kawaida, usidhani utabadilisha kirahisi. RAM weka vijiti viwili vya 8, usiweke kimoja cha 16. Na kama pesa inafika tafuta prosesa ya Intel ya kizazi cha 8, Windows 11 haizitaki rasmi karibu zote za chini ya hapo, na Windows 10 Microsoft waliiacha Oktoba 2025.

Vijana tunapenda kuonekana, ndo shida yetu. Unataka mwenzako aingie chumbani aone rangi, wakati gemu halichezwi na taa! Angalia nyuma ya kasha kabla ya mbele. Omba waiwashe, uweke GPU-Z mwenyewe kwenye flashi, ucheze nusu saa pale pale dukani, akikukatalia ondoka hata kama amekuita bosi mara kumi.

Na wewe kijana, kabla hujapanda taksi kwenda Kampala pitia kwangu kwanza. Ile kadi sikuitupa, iko kwenye droo, uje ulione hilo tundu la buluu kwa macho yako.