Pimeni wenyewe

Wete, Pemba

Mwanangu mpenzi,

Assalam aleykum. Huku hatujambo. Mama yako magoti yanamsumbua kwa mvua hizi, lakini anaendelea vizuri.

Ujumbe wako niliusoma usiku ule ule tuliotoka kwenye khitma ya Maalim. Uliniuliza: "Baba, nimelitafuta jina lake kwenye intaneti sikuona kitu. Nyote mnasema alikuwa mwanariadha. Alishinda nini? Na mbona umeumia kama uliyefiwa na mzazi?" Jibu la maswali hayo halienei kwenye simu, ndiyo maana nimekaa nikaandika.

La kwanza nalijibu upesi. Alishinda mbio za yadi 440 pale Mnazi Mmoja, Unguja, alipokuwa akisomea ualimu Beit el Ras katika miaka ya hamsini. Chuo hicho baadaye kikaitwa Nkrumah, na leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha Taifa, SUZA. Alishinda mara nyingine mbili tatu, kisha akaletwa Pemba kusomesha, na mashindano yake yakaishia hapo. Medali hana. Kikombe, kama kilikuwepo, mimi sikupata kukiona. Amefariki ana miaka tisini na mbili, na tangu nimjue hakuacha kukimbia baada ya sala ya alfajiri mpaka uzee ulipomlazimisha atembee.

La pili ndilo refu.

Mimi niliandikishwa skuli mwaka 1966. Babu yako alikuwa na watoto saba na mikarafuu ya kuhesabika, na kabla ya Mzee Karume kutangaza elimu bila malipo, tarehe 23 Septemba 1964, ami zako wawili wakubwa walikwisha tolewa skuli kwa sababu ya ada. Ada ilipoondoka tuliingia kwa mkupuo. Dawati moja watoto watatu, wengine sakafuni. Maalim alikuwa akija skuli mbio, miguu mitupu, nguo zake kazikunja ndani ya mkoba wa ukili. Anajimwagia maji kisimani, anavaa, anaingia darasani kabla ya kengele. Watu waliokuwa wakienda mashamba walijua saa kwa kupita kwake.

Alitusomesha hesabu. Na hapa ndipo penye jibu lako, mwanangu, kwa sababu yeye hesabu na mbio hakuzitenganisha hata siku moja.

Alikuwa na kamba ya usumba, aliyosukiwa na mamaake, ina mafundo kila baada ya yadi, na kila fundo la kumi limefungwa kitambaa chekundu. Nchi ilipohamia kwenye mita aliyafumua mafundo yote, akatukalisha chini ya mwembe na rula ya ubao, tukayafunga upya moja moja. Ilituchukua siku mbili. Asubuhi alikuwa hakubali kuipimia mpaka ikauke umande.

Sasa sikia. Nilikuwa na miaka kama kumi na mbili. Tulichorewa uwanja kwa chokaa, njia nne, kila moja upana wa mita moja. Mimi nikawekwa njia ya ndani. Mwenzangu wa njia ya nje akasogezwa mbele, mbele hasa, mpaka nikahisi nimeonewa. Nikasema kwa sauti kuwa huo ni upendeleo. Kumwambia mwalimu hivyo zama zile ilikuwa ni kutafuta bakora. Wenzangu wote wakanyamaza. Maalim alinijia, akaniwekea ile kamba mkononi, akasema, "Mimi usiniamini. Nenda kapime."

Tukapima. Njia zilizonyooka zilikuwa sawasawa kwa wote. Tofauti ilikuwa kwenye kona. Kona mbili ni nusu duara mbili, ukiziunganisha unapata duara zima, na kila njia unayosogea nje, duara lile linakua. Tukaona njia ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza kwa mita sita na kitu. Ya tatu imeizidi ya pili kwa mita sita na kitu. Ya nne vivyo hivyo. Mimi nilidhani tumekosea, kwa sababu duara la nje ni kubwa zaidi, basi na nyongeza yake ingekuwa kubwa zaidi. Tukarudia mpaka jua likazama.

Wiki iliyofuata akatupeleka kwenye mnazi mmoja. Tukazungusha kamba kwenye shina, kisha tukachora duara la pili lililotoka nje kwa mita moja. Nyongeza ikawa ni ile ile, mita sita na kitu. Hapo ndipo alipochukua chaki, akatuandikia ubaoni mzingo, nusu kipenyo na pai, akatuonyesha kwamba ukitoka nje mita moja unaongeza mita 6.28, uwe unazunguka mnazi au unazunguka kisiwa kizima cha Pemba. Wallahi nywele zilinisimama. Nina miaka zaidi ya sitini sasa, na kila ninapoona wakimbiaji wamepangwa mshazari kwenye televisheni, naisikia harufu ya ile kamba.

Mwaka 1974 likaja la Filbert Bayi. Televisheni ya rangi ndiyo kwanza imeanza Unguja, lakini sisi huku tulikuwa na redio. Tukasikia kwamba Mtanzania amevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 huko Christchurch, New Zealand, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, tarehe 2 Februari, kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na kwamba aliongoza tangu bastola ilipolia mpaka mwisho. Mji mzima ulikuwa ukilizungumza. Maalim aliingia darasani akaandika ubaoni namba hizo mbili tu, 1500 na 212, akasema gaweni. Tukapata mita saba na kidogo kwa kila sekunde. Akatutoa nje, akapima mita sabini kutoka mstarini mpaka mwembeni, akavua saa yake ya mkononi. Sekunde kumi. Kati yetu sote, wawili tu waliufikia mwembe kabla ya muda. Tulikuwa tumelala kwenye majani tunahema, na yeye akatuambia kwa upole kabisa kwamba Bayi alifanya hivyo mara ishirini na moja mfululizo. Miaka mingi baadaye Bayi alipofungua skuli zake huko bara, Maalim alifurahi kama aliyepata habari ya mtoto wake.

Kuna mwalimu mkubwa mmoja, simtaji, aliyetaka kuifuta michezo ili watoto wajifungie na mitihani. Maalim hakubishana naye. Aliendelea kutoka na darasa lake na kamba yake, na matokeo yalipokuja ndiyo yaliyozungumza.

Sasa nikwambie jambo ambalo mama yako hajakwambia. Yeye alikuwa mkimbiaji. Maalim alitaka wasichana nao washiriki mbio za kupokezana vijiti, na babu yako mzaa mama hakutaka hata kulisikia hilo. Maalim alikwenda barazani kwake jioni tano. Wanakunywa kahawa, wanazungumza karafuu, bei ya pishi, mvua za vuli. Jioni ya tano ndipo alipomwomba aje uwanjani aone kwa macho yake, na akiona lolote la kumvunjia heshima, basi amchukue bintiye palepale. Mzee akaja na bakora yake, akasimama chini ya mwembe. Wasichana walivaa suruali ndefu chini ya magauni, ushungi wameufunga kwa nyuma. Mama yako alikuwa wa tatu kupokea kijiti. Mzee alisimama pale mpaka adhana ya magharibi, kesho yake akaja tena, na Septemba, kwenye sherehe za Elimu Bila Malipo, alipanda gari kwenda Chake kumtazama. Walitoka wa pili.

Miaka ya mwisho masikio ya Maalim yalikuwa hayasikii vyema. Bado alikuwa akipelekwa Gombani kila palipokuwa na michezo ya skuli, anakaa na mwavuli wake, anawatazama watoto miguuni zaidi kuliko usoni. Nikienda kumsalimia alikuwa akiniuliza habari zako. Nilipomwambia umeingia kwenye kazi ya upimaji wa ardhi alicheka mpaka akakohoa.

Baba yangu, Mungu amrehemu, alinilea akanilisha. Lakini aliyenipa mkononi kitu cha kupimia, akanambia hata yeye nisimwamini mpaka nipime, ni Maalim. Ndiyo maana nimeumia hivi.

Siku ya pili ya msiba mama yako alitaka nimpeleke kwenye uwanja wetu wa zamani. Unapajua, pamejaa nyumba sasa, umebaki mwembe tu. Aliegemeza mgongo kwenye shina, akaanza kuhesabu hatua kwa sauti, taratibu kwa ajili ya magoti, akipita uani kwa watu na kupiga hodi. Alifika kwenye kibaraza cha nyumba moja ya bati jekundu, akasimama. Mwenye nyumba akatoka kumkaribisha, akamuuliza kama amepotea.

"Sikupotea, mwanangu," mama yako akamwambia. "Hapa ndipo nilipokipokea kijiti."

Wasalaam,
Baba yako