Kumpa Mungu maisha yako: anza na kile unachokipita haraka kwenye maombi

Ukishaokoka watu wanakwambia mpe Mungu maisha yako yote na wewe unaitikia amina, alafu unarudi nyumbani hujui hata umempa nini. Mimi nimekulia kwenye hayo mazingira kabisa, kwetu ni Bukoba, bibi yangu alikuwa mlokole wa ule uamsho wa zamani uliowaka Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaingia Uganda ukateremka mpaka Kagera, kwa hiyo maneno ya wokovu nayasikia tangu nikiwa mgongoni. Na bado nimefika utu uzima ndo nimeelewa jinsi hii kitu inavyofanyika, kwa hiyo naandika kwa ajili ya wewe uliyeongozwa sala ya toba, ukaandikwa jina na namba ya simu, ukaambiwa karibu kwenye familia ya Mungu, na sasa unajiuliza kinachofuata ni nini.

Kinachofuata ni hiki. Kuna vitu unampa Mungu kirahisi, Jumapili yako, kwaya, pombe kama hukuwa mnywaji. Alafu kuna kitu kimoja ambacho kila ukikifikia kwenye maombi unakipita haraka haraka, unakitaja juu juu au hukitaji kabisa, kwa sababu unaogopa ukikileta mbele zake atakichukua, au atakaa kimya. Kwa mwingine ni hela, kwa mwingine ni mtoto aliyepotea mjini, kwa mwingine ni mtu aliyemdhulumu na hataki kumsamehe. Anza na hicho. Ukianza na vile virahisi unaweza kukaa kanisani miaka na hicho kikawa bado kiko mkononi mwako kimefungwa.

Kwangu mimi ilikuwa ndoa.

Mimi ni fundi cherehani, nina ofisi yangu hapa Mwanza, kazi zangu nyingi ni za harusi, sare za kamati, magauni ya wasimamizi, nguo za send-off. Nimeshavuka miaka 35 na sijaolewa. Mabinti niliowashonea wakiolewa sasa hivi wananiletea vitambaa vya gauni za ubatizo za watoto wao, na kila mteja lazima aulize, eti dada na wewe lini, mama wadogo nyumbani wanauliza, na kanisani ndo usiseme kwa sababu kule wanakuombea hata kama hujaomba kuombewa. Kuna mtumishi mmoja alishawahi kunitajia kiasi cha sadaka cha kufungua mlango wa ndoa yangu, na akataja siku ya mwisho ya kuitoa kama vile ni bili ya maji. Sikutoa. Lakini nawajua dada zangu waliotoa, wengine wamekopa vikoba ili watoe, na nawaelewa kabisa kwa sababu hilo jambo likikubana unasikia kama hupumui.

Kilichonisaidia ni Mathayo 26. Ile habari ya Gethsemane tunaihubiri Pasaka alafu tunaisahau, lakini ukiisoma taratibu ndo darasa lenyewe la kujitoa kwa Mungu. Angalia Yesu anavyoomba. Kwanza anasema anachokitaka, "Baba yangu, ikiwezekana, kikombe hiki kiniepuke". Hajifanyi hana shida, hasemi mapenzi yako yatimizwe kwa haraka ili aonekane wa kiroho, anasema kabisa hiki sikitaki kama kuna njia nyingine. Ndo anaendelea, "walakini si kama nitakavyo mimi, bali kama utakavyo wewe". Sisi wengi tunaruka ile sehemu ya kwanza. Tunamwambia Mungu mapenzi yako yatimizwe wakati hata hatujamwambia tunataka nini, kwa hiyo hatujampa kitu, tumefunika tu. Kaa chini mwambie kwa lugha yako, kihaya kisukuma kiswahili chochote, Baba mimi nataka kuolewa, naumia nikiona wenzangu, naogopa kuzeeka peke yangu, nataka watoto. Lia kama kilio kipo. Mungu hashtuki.

Na angalia kitu cha pili, Mathayo anasema aliomba mara tatu na ile ya tatu alisema maneno yale yale. Yesu mwenyewe! Sasa wewe ukimkabidhi Mungu jambo lako Jumatatu alafu Jumatano linakurudia kifuani usikubali mtu akwambie hukuwa na imani au hukujitoa kweli. Unalirudisha tena kwa maneno yale yale. Luka 9:23 inasema ajitwike msalaba wake kila siku, na mimi hilo neno "kila siku" limenipa nafuu sana kwa sababu nilikuwa nadhani wenzangu walijitoa mara moja wakamaliza.

Sasa ije sehemu ya mikono, na hapa ndo naomba usome kwa makini. Paulo kwenye Warumi 12 anasema itoeni miili yenu iwe dhabihu iliyo hai. Miili. Yaani haiishii moyoni, lazima kuna kitu kitabadilika kwenye ratiba yako, kwenye pochi yako, kwenye usingizi wako. Mimi baada ya yale maombi nilijiuliza swali moja tu, ni vitu gani nimevisimamisha nikisubiri ndoa? Vilikuwa vingi. Kiwanja sikununua kwa sababu nilikuwa nasema nitanunua na mume wangu. Nyumba niliyopanga sikuwahi kuipaka rangi kwa sababu naona nipo kwa muda. Mtoto wa marehemu kaka yangu alikuwa anahitaji pa kukaa asome na mimi nilikuwa nasema mwanaume gani ataoa mwanamke mwenye mtoto ndani. Hapo ndo niliona nilichokuwa sijampa Mungu, haikuwa ndoa peke yake, ilikuwa ni miaka yangu hii ninayoishi sasa hivi. Nikamchukua yule mtoto. Kiwanja nikanunua Kisesa, kidogo tu, hela ya mgao wa kikoba na kazi za msimu wa harusi za Desemba. Nyumba nikapaka rangi.

Kwa hiyo mtu akikwambia kumwachia Mungu maana yake ukae usubiri, mkatalie. Zaburi 37 inayosema umkabidhi BWANA njia yako, mistari miwili tu juu yake inasema ukatende mema, ukae katika nchi. Unafanya kazi iliyopo mkononi leo. Matokeo ndo unamwachia.

Bibi yangu alikuwa na namna yake ya kupima mtu aliyejitoa, alikuwa anaangalia amerudisha nini. Wale wazee wa uamsho ndo walivyokuwa, mtu akiokoka anaenda kwa jirani anasema ile mali yako niliichukua mimi, nisamehe, hii hapa, na aliye na kinyongo na mwenzake anamfuata wanapatana. Walikuwa wanaita kutembea nuruni. Wameitoa kwa Zakayo, Luka 19, aliyesimama akasema nusu ya mali yangu nawapa maskini na niliyemnyang'anya namrudishia mara nne, na Yesu ndo akasema leo wokovu umefika nyumba hii. Kwa hiyo kama kuna deni unalijua na mwenye nalo ameshachoka kukudai, au kuna mtu ulimchafulia jina, mtumie hela yake kwenye simu leo, mpigie leo. Huhitaji kutangaza kwenye grupu.

Na hapo kwenye grupu niongeze kitu. Tafuta mtu mmoja mzima kiroho, mwenye mdomo uliofungwa, umwambie hilo jambo lako. Mmoja au wawili wanatosha. Mimi nina mama mmoja mjane kanisani kwetu, anajua kila kitu, na siku za vikao vya harusi ananitumia meseji tu "uko salama mwanangu?" na mimi najibu ukweli. Kuna siku najibu siko salama mama, anakuja ofisini tunaomba pale katikati ya vitambaa, anaenda zake. Kuweka jambo lako kwenye stetasi watu wote walione sio kutembea nuruni, hapo unajiumiza tu.

Sasa kuna jambo ambalo lazima niliseme kwa nguvu kwa sababu watu wanaumia. Kujitoa kwa Mungu sio kujitoa kwa mchungaji. Mwaka 2023 tuliona wenzetu Kenya, msitu wa Shakahola kaunti ya Kilifi, miili zaidi ya 400 ilifukuliwa, na ndani yake watoto wadogo, na waliotoka hai walieleza habari za kufunga kula ili wakakutane na Yesu. Wale hawakuwa watu wasiompenda Mungu. Walikuwa watu kama mimi na wewe waliotaka kutoa vyote, na utayari wao ukashikwa na mwanadamu. Kwa hiyo mtu yeyote, awe nabii awe mtume awe mama mchungaji, akikwambia Bwana amesema uuze kiwanja umletee yeye, uache watoto shule, ukate mawasiliano na wazazi, uache dawa, ondoka hapo. Hata kama anatenda miujiza. Watu wa Beroya kwenye Matendo 17 walimsikiliza Paulo mwenyewe na bado wakaenda kuchunguza maandiko kila siku kama mambo yale ndivyo yalivyo, na Biblia imewasifu kwa hilo.

Dawa endelea nazo. Kama unatumia za presha, za sukari, au ARV, kumpa Mungu afya yako ni pamoja na kumeza dawa yako kwa wakati na kwenda kliniki tarehe uliyopangiwa, na ukiamini umepona, daktari ndo apime aseme. Na dada yangu unayepigwa ndani, usikubali mtu akwambie kumkabidhi Mungu ndoa ni kukaa hapo unapigwa unaomba. Omba ukiwa mahali salama. Vituo vingi vya polisi hapa Tanzania vina dawati la jinsia na watoto, nenda, na ukimaliza kuandikisha maelezo utaendelea kumwombea huyo mume ukiwa hai.

Kuna mtu huwa namfikiria sana nikichoka, Askofu mkuu Janani Luwum wa Uganda. Yeye aliokoka mwaka 1948 kwenye uamsho ule ule wa kina bibi, akiwa mwalimu kijana huko Acholi. Tarehe 16 Februari 1977 utawala wa Idi Amin ukamuua baada ya maaskofu kupeleka malalamiko kuhusu mauaji ya wananchi, serikali ikatangaza ni ajali ya gari na watu wote walijua sivyo. Katikati ya hiyo miaka kulikuwa na nini? Kusoma theolojia, parokia, vikao, safari za vijijini, kazi za kawaida za mchungaji. Kila siku anampa Mungu hiyo siku. Ukisikia habari zake unaweza kudhani alijitoa siku ya kufa, lakini mimi naona siku ile alikuta ameshazoea.

Utauliza, na wewe umepata mume? Hapana. Sijapata, na bado nataka, na bado naomba. Juzi nimeshona magauni ya wasimamizi sita wa harusi moja na yule bibi harusi ni mdogo kwangu sana, nilimshonea kwa furaha ya kweli na jioni nikiwa napiga pasi lile la mwisho nililia kidogo, vyote viwili vilikuwa vya kweli. Hana kwenye 1 Samweli 1 alimimina moyo wake pale hekaluni mpaka kuhani akadhani amelewa, alafu akaenda akala chakula na uso wake haukukunjamana tena, na wakati huo hata mimba hana, hajui kama ataipata. Mimi nipo hapo, kwenye kula chakula. Usingizi ninao, kitu ambacho zamani sikuwa nacho, na yule mtoto wa kaka yuko darasa la nne anajua kuunga uzi kwenye cherehani.

Kama unataka kuanza, usisubiri mkesha wala mkutano wa injili. Usiku watu wakilala chukua daftari uandike hicho kitu kimoja, kiandike kama kilivyo bila kukipamba, alafu usome Mathayo 26 kuanzia mstari wa 36 mpaka wa 46 kwa sauti ndogo, alafu mwambie Mungu unachotaka, ndo umwachie. Asubuhi tafuta kitu kimoja ulichokuwa umekisimamisha kwa sababu ya hilo jambo ukifanye, hata kama ni kidogo, hata kama ni kumpigia simu mama. Kwa kusoma anza na Injili ya Marko, ni sura 16 tu, sura moja kwa siku inatosha, ukimaliza nenda Luka. Kama mstari huuelewi uwekee alama umuulize yule mtu wako mzima kiroho Jumapili baada ya ibada.