Re: Wageni kutoka Msumbiji na bajeti ya kijiji

Ndugu, salaam. Umeuliza ufanyeje: familia zilizovuka mto Ruvuma kutoka Msumbiji zinachangia madawati na kisima, lakini mwenyekiti anasema mgeni hana neno kwenye bajeti.

Kwanza kaangalie daftari la wakazi kwa mtendaji wa kijiji, kama majina yao yamo. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi. Uraia unatakiwa kwenye kuchagua viongozi, mambo mawili hayo msiyachanganye. Habari ya vibali vya kuishi nchini waimalize uhamiaji mapema, isije ikaibuliwa mkutanoni.

Kwetu Newala, jina kuingia daftarini halikutosha. Mama mmoja mgeni alikaa nyuma kimya mikutano miwili, mapato na matumizi yanasomwa mbio mbio. Tukarudi kitongojini, tukatandika mkeka chini ya mkorosho, mzee mmoja akaeleza kila kifungu kwa Kimakonde. Hapo ndipo yule mama aliposema: kisima kinakauka, ndoo yake inajaa saa nane usiku. Hoja ikapanda halmashauri ya kijiji kama ya kitongoji kizima. Hakuna aliyeuliza imetoka kwa nani.

Halafu msiitishe kikao msimu wa kuokota korosho. Wengi wao ni vibarua, hawatafika.