Bibi, Bi au Mama: Umwite Nani Aliyekuzidi Umri?

Shangazi yangu hakujaaliwa mtoto. Mtaani kwetu Tanga karibu kila mwanamke mzima aliitwa kwa mtoto wake wa kwanza, mama fulani, na wageni wakifika kwake walikwama. Nilikuwa nikiwaona wakianza, "Shikamoo, mama..." kisha wanangoja amalizie mwenyewe. Wenyeji hawakupata taabu hiyo. Walimwita Bi, wakataja na jina lake, basi. Neno lile fupi halikumwuliza habari za uzazi wala za ndoa.

Ndiyo maana nalipenda neno bibi, na inaniuma kuona linavyosinyaa. Vijana wengi wa Tanzania leo wanalijua kwa maana moja, mama aliyemzaa baba au mama. Kumbe ni neno la heshima lenye asili ya Kiajemi, na heshima hiyo bado tunaitamka kila siku: bibi harusi ni binti mbichi, bibi shamba huenda kamaliza chuo juzi, na mabibi na mabwana ukumbini si wazee watupu. Bibi Titi Mohamed, ambaye barabara kubwa ya katikati ya Dar es Salaam ina jina lake, alizaliwa mwaka 1926. Alipoanza kuwaongoza wanawake wa TANU mwaka 1955 alikuwa hajatimiza hata miaka 30.

Lakini usilitumie kwa kulipenda tu. Mimi limeniponza mara mbili.

Mara ya kwanza ni Dar, kwenye foleni ya benki. Nilimpisha mama mmoja wa miaka hamsini hivi: "Pita mbele, bibi." Akanitazama, akasema taratibu, "Bibi nitaitwa na wajukuu zangu, mwanangu." Niliomba radhi palepale. Mara ya pili ni Nairobi, nyumba niliyopanga. Nilimwamkia mama mwenye nyumba, mtu mzima sana, "Shikamoo, bibi." Kijana wake akageuka kwa ukali: "Bibi ya nani?" Kenya bibi ni mke. Mama mwenyewe alimtuliza, akaniambia, "Niite shosho," yaani mama aliyemzaa baba au mama.

Kwa hiyo, ukiwa Tanzania bara, aliye rika la mama yako mwamkie shikamoo na umwite mama, hapo hukosei. Bibi bila jina mwachie mwenye umri wa kuwa na wajukuu wa rika lako, na hata huyo msikilize kwanza majirani wanamwitaje. Nairobi sema mama, au shosho kwa mwenye umri huo. Ukisikia nyanya, wanamaanisha bibi mwenye wajukuu, hawazungumzii mboga. Pwani, kuanzia Lamu na Mombasa mpaka Tanga na Unguja, jifunze jina lake na utangulize Bi. Kumwita mzee kwa jina tupu ni utovu wa adabu, hata akikujibu kwa upole.

Bi mkubwa liache mpaka uzoeane na watu. Vijana wengi wa mjini humwita hivyo mama yao mzazi, kwa mapenzi kabisa, ila kwenye nyumba ya wake wawili neno hilo lina mwenyewe, na ukimwita asiyekuwa yeye utakuwa umegusa kidonda usichokijua.

Usipojua kabisa, uliza: "Samahani mama, nikuite nani?" Sijawahi kumwona aliyekasirishwa na swali hilo. Unachopaswa kuepuka ni "mama nani?" Nilimwona shangazi akilijibu kwa miaka mingi, kila mara kwa tabasamu, na kila mara alikuwa wa kwanza kuondoka barazani.

Alipofariki, tangazo la msiba lilisomwa msikitini kama ilivyo desturi: Bi, jina lake, binti wa babu yangu. Aliyelisoma hakukwama popote.