Maswali ya Wasomaji: AI ya bima inajifunza nini haswa?

Shikamoo dada. Mimi na wenzangu tuna kampuni ndogo hapa Kijitonyama, tunatengeneza app ya kukadiria uharibifu wa gari kwa picha, mteja mwenye bima kubwa akigongwa anapiga picha na AI inaiambia kampuni ilipe shilingi ngapi. Kampuni moja imetupa madai yao ya nyuma, picha pamoja na kiasi kilicholipwa. Kwenye majaribio yetu inafanya vizuri sana lakini maasesa wao, wale wakaguzi wa uharibifu, wanaikataa kila siku. Tunakosea wapi? – Developa, Dar es Salaam

Marahaba mdogo wangu. Umetaja kitu kimoja haraka haraka ukapita, "kiasi kilicholipwa", na mimi naona tatizo lenu lote liko hapo.

Hela iliyolipwa sio gharama ya uharibifu. Ni namba iliyobaki baada ya mambo mengi kupita, ile sehemu ya mteja kujilipia imekatwa, uchakavu wa spea umekatwa, asesa kavutana na gereji, dalali kapiga simu kumtetea mteja wake mkubwa, halafu mwenye kigari kidogo cha Toyota IST ambaye hana wa kumpigia simu kakubali alichopewa maana gari ndio riziki yake na anaitaka barabarani Jumatatu. Ukiifundisha modeli, yaani ile AI yenyewe, kwa namba hiyo inajifunza nani anajua kubishana. Kesho anakuja mwenye IST mwingine, mfumo unampa kidogo kwa sababu wenzake walipewa kidogo, na nyie kwenye majaribio mnaona imepatia kwa sababu imelingana na data!

Hii imeshatokea Marekani kwa ukubwa wa kutisha. Mwaka 2019 jarida la Science lilitoa utafiti kuhusu programu iliyotumika na hospitali na bima za afya kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Watengenezaji walitaka kujua nani anaumwa zaidi, ila kilichokuwepo kwenye data ni gharama za matibabu, wakatumia hiyo. Sasa hela iliyotumika kuwatibu wagonjwa weusi ilikuwa kidogo hata wakiwa wanaumwa sawasawa na wazungu, kwa hiyo programu ikawaona wazima. Watafiti walipiga hesabu kwamba tofauti hiyo ikiondolewa, sehemu ya watu weusi kati ya wanaochaguliwa ingepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Programu haikupewa kabisa rangi ya mtu, kupima ugonjwa kwa gharama peke yake kulitosha kuwaumiza watu.

Kwa hiyo badilisheni swali. Modeli isitaje hela, itaje spea gani imeharibika na kama ni ya kunyoosha au ya kubadilisha, basi. Bei iwe jedwali pembeni ambalo mtu analihuisha kila soko la spea likibadilika, maana dola ikipanda leo modeli iliyomeza bei za mwaka juzi itawapunja wateja bila kujua.

Na maasesa msiwaone maadui jamani. Nendeni mkakae nao gereji. Picha ya bampa haikuonyeshi rejeta iliyo nyuma yake wala chesesi iliyopinda, asesa anainama, anafungua boneti, anaangalia kama mkwaruzo una kutu maana kutu inamwambia ni wa zamani. Iacheni app ifanye kazi kimya kimya pembeni yao kwanza, isilipe wala isikatae chochote, na kila walipotofautiana mkae mezani muulizane kwa nini. Huko ndiko nimejifunza karibu kila kitu ninachokijua kwenye kazi hii ya mifumo ya bima.

Halafu watawaomba muongeze kipengele cha kukamata madai feki, hilo lazima waombe. Kuweni makini sana. Data za "feki" ni za watu waliochunguzwa, ambao hawakuchunguzwa wameandikwa safi hata kama walidanganya, sasa kama siku zote walichunguzwa watu wa mtaa fulani modeli itawarudia haohao.

Sheria yangu mimi ni kwamba mashine inaruhusiwa kusema "lipa", kusema "hapana" ni kazi ya mtu mwenye jina. Kampuni ya bima ya Lemonade ya New York ilijulikana kwa kutangaza imelipa dai ndani ya sekunde 3, watu wakafurahi. Mwaka 2021 hiyohiyo ikaandika kwamba AI yao inaangalia video za wateja na kuona ishara ambazo mtu hazisemi kwa mdomo, ikazua hasira kubwa mtandaoni, ikabidi wafute na kukanusha kwamba wanamnyima mtu fidia kwa muonekano wake.

Habari yako dada. Niko Isiolo, ni afisa wa mifugo. Wamekuja watu na bima ya mifugo ya AI na setilaiti, wanasema hakuna haja ya kuhesabu ng'ombe. Wafugaji wananiuliza kama ni ya kweli, niwaambie nini?

Njema ndugu yangu. Ni ya kweli, na majirani zenu wa Marsabit walikuwa nayo tangu 2010. Setilaiti inapima ukijani wa malisho, ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa wote waliokata bima eneo hilo wanalipwa. Mwanzoni walikuwa wanakadiria asilimia ya mifugo itakayokufa. Baadaye wakabadilisha, wakaanza kupima upungufu wa malisho wenyewe ili hela ifike mapema mfugaji anunue lishe na maji mnyama akiwa bado hai. Yaani setilaiti ni ileile, wamebadilisha swali tu, na mimi nalipenda sana badiliko hilo.

Ila ukijani sio chakula. Mathenge, ule mti wa miiba uliovamia malisho, inabaki kijani ukame wote na ng'ombe hawana cha kula chini yake, setilaiti inaweza kuona eneo liko sawa na mfugaji akakosa malipo huku anazika mifugo. Waulize hao watu wamefanya nini kuhusu mathenge, mipaka ya eneo imechorwa na nani, na wazee wa malisho walishirikishwa au la. Wakishindwa kukujibu, waambie wafugaji wasubiri.

App ya bima imenikatalia fidia ndani ya dakika chache, hakuna sababu. Nifanyeje? – Mteja, Mombasa

Pole sana. Sheria ya Kenya ya kulinda data ya mwaka 2019, kifungu cha 35, inakupa haki ya kutoamuliwa jambo zito kama hilo na mashine peke yake. Waandikie, barua au imeili, uliza kama uamuzi ulifanywa na mfumo bila mtu, na uombe upitiwe upya na binadamu. Taja kifungu hicho, usiongee kwa simu tu. Wakikaa kimya peleka lalamiko la bima IRA, mamlaka inayosimamia bima Kenya, na la data kwa Kamishna wa Data. Walioko Tanzania nao wana sheria yao ya 2022, na malalamiko ya bima wanaweza kuyapeleka TIRA, mamlaka ya bima ya huko, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Hifadhi skrinshoti ya lile jibu la app kabla halijafutika.