Je, utamaduni hubadilisha kumbukumbu, au usimulizi tu?

Ndugu, umeuliza kama utamaduni unagusa kumbukumbu yenyewe au namna ya kuisimulia tu. Naamini unagusa vyote, tena huanzia kwenye jicho. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wanasaikolojia Masuda na Nisbett waliwaonyesha Wajapani na Wamarekani video fupi za samaki majini. Wamarekani walianza kumtaja samaki mkubwa wa mbele. Wajapani mara nyingi walianza na mazingira, kama vile rangi ya maji. Baadaye samaki yuleyule akawekwa kwenye mandhari mpya, na Wajapani wakapata shida zaidi kumtambua. Walikuwa wamemhifadhi pamoja na mahali pake! Hilo si suala la usimulizi hata kidogo. Ila huo ni wastani wa makundi, usimpimie mtu mmoja mmoja.