Hedifoni kwanza, amplifaya baadaye
Ndugu yangu, umeuliza kama bajeti yako ndogo uigawe nusu kwa nusu kati ya hedifoni na amplifaya kwa ajili ya kusikiliza roki. Mimi nisingeigawa hivyo, kwa sababu tabia ya sauti hutokana zaidi na hedifoni, ilhali kazi ya amplifaya ni kuipa nguvu ya kutosha tu. Hedifoni ya Grado SR80, yenye ukinzani (kiasi inavyoupinga umeme; ukiwa mkubwa, kwa kawaida huhitaji nguvu zaidi) wa omu 32 hadi 38 kutegemea toleo, huendeshwa na kompyuta ya kawaida bila shida. Mgongo wake uko wazi, yaani upande wa nje wa vikombe vyake haujazibwa na sauti hutoka nje, na magitaa husikika mbele kabisa, makali kidogo, jambo ambalo kwenye roki nalihesabu kuwa sifa. Besi yake, hata hivyo, ni nyepesi, na unayelala naye chumba kimoja atausikia kila wimbo. Amplifaya ingekuwa ya lazima kama ungechagua hedifoni ya Beyerdynamic DT 990 Pro ya omu 250, ambayo kwenye simu yangu hufika mwisho wa sauti kabla ngoma hazijapata uzito. Ukiichagua Grado, ivae walau robo saa kabla ya kulipa, kwani sponji zake huwasha masikio ya baadhi yetu.